Uzi Ambao Sikuufua

Sindano za kufumia soksi ni tano, kila moja ina ncha huku na huku, na mtu mgeni akizishika mara ya kwanza hujiona kama amekabidhiwa nungunungu. Nne zinabeba vitanzi, ya tano ndiyo inafuma. Ukilegeza mkono kidogo tu, moja inachomoka, vitanzi vinaanguka, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Mimi niliangusha sana. Nilikuwa nasali kimoyomoyo huku naokota kitanzi kimoja kimoja, na sala zenyewe hazikuwa ndefu.

Habari yangu ni ya soksi moja tu, na ya mguu wa mjukuu wangu uliokuwa ndani yake. Mguu ule ulikaribia kupotea, na labda si mguu peke yake. Nitaeleza mambo yalivyofuatana.

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu, na binti yangu ndiye mtoto pekee Mungu aliyenijalia. Anafanya kazi ya kuoka mikate mji mwingine. Huja Ijumaa mchana na kurudi Jumapili, na siku za katikati mtoto anakaa kwangu. Ana miaka mitano. Wote tunamwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajapumzika. Anaongea akila, anaongea akiogeshwa, anaongea na ufagio. Nikifumba macho kusali ananiuliza Mungu amejibu nini.

Nyumba yangu ni vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, na miezi ya baridi sakafu ile inang'ata nyayo. Chiriku hataki viatu ndani. Hiyo ndiyo sababu niliyokwenda nayo kwa fundi.

Fundi huyo tunamwita Fundi Pima. Ni mama mtu mzima, mwembamba, anafundisha kufuma kila Jumanne na Ijumaa asubuhi katika chumba cha nyuma cha kanisa letu, kile chenye meza ndefu na kabati la vitabu vya nyimbo. Jina alilipata kwa sababu hatumii utepe wa kupimia. Anaushika mguu wa mtu kwa mikono miwili, anafumba macho kidogo, kisha anataja idadi ya vitanzi. Nilipompelekea Chiriku alimshika mguu wa kushoto, mtoto akiwa katikati ya hadithi ya kuku wa jirani, akasema, "Arobaini na nne. Na huyu mdomo wake anaufumia nani?"

Pembeni yangu alikaa mke wa mwashi, mwanamke wa maneno na vicheko, aliyeanza kujifunza siku moja na mimi. Soksi yake ya kwanza ilitoka pana mpaka akaivaa kichwani.

"Shoga, mimi nilikuwa nafuma soksi, kumbe nafuma kofia ya bwana harusi," aliniambia.

"Bwana harusi gani mwenye kichwa hicho?"

"Wangu. Kimejaa saruji."

Soksi za rangi moja tulizimaliza kwa mwezi mmoja na nusu. Kisha Fundi akatuingiza kwenye rangi mbili, zile zenye maua. Mchoro unauchora kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Kila mraba ni kitanzi. Unafuma kwa nyuzi mbili kwa pamoja. Rangi ambayo haina kazi kwenye mraba huo inapita nyuma, kwa ndani ya soksi, ikisubiri zamu yake.

"Sasa nisikilizeni," Fundi alisema, akageuza soksi yake ndani nje tuone nyuzi zilivyopita kama madaraja madogo. "Huu wa nyuma usiuvute. Uache upumue. Ukiuvuta, kwa nje soksi nzuri, kwa ndani ni mtego wa panya. Mguu unaingia kwa taabu, kutoka hautoki. La pili, nyuzi mbili zikipishana nyuma, kila siku mmoja ni wa chini na mmoja ni wa juu. Ule unaoubeba chini ndio unaotokeza mbele. Maua yakiwa mekundu, beba mwekundu chini. Usibadilishe katikati."

"Na nikibadilisha?" mke wa mwashi akauliza.

"Maua yatazama. Utaona kilichokuwa nyuma yao."

Uzi mwekundu nilinunua. Wa pili nilikuwa nao nyumbani, lakini ulikuwa bado ni sweta. Sweta ya kijivu ya marehemu mume wangu.

Alifariki mwaka mmoja kabla Chiriku hajazaliwa. Alikuwa seremala wa milango. Mtu wa kimya, kimya hasa, wa kukaa siku nzima na mkaumaliza mchana kwa maneno matano, na hayo matano akawa amesema mambo yote. Miaka miwili ya mwisho alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Ile sweta ndiyo aliyokuwa akivaa. Nilikuwa nimeiweka ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku, na siku moja moja nilikuwa nafungua, naingiza uso, nafunga. Ilinuka vumbi la mbao na yeye.

Nilimwambia Fundi nina uzi wa zamani. Hakuniuliza ulikuwa wa nani.

"Uzi wa sweta kuukuu una mikunjo," akasema. "Umezoea mwili uliouvaa. Uufumue, uuzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge mafungu, uufue kwa maji ya uvuguvugu, uutundike na jiwe chini yake mpaka unyooke. Siku mbili. Ukishanyooka umesahau, ndio unauanzishia kazi nyingine. Usifume uzi ambao haujasahau."

Jumapili baada ya ibada niliifumua ile sweta. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa leo asubuhi. Niliuzungusha kwenye kiti kama nilivyoambiwa. Nikajaza maji beseni, nikayapima kwa kiwiko, yalikuwa sawasawa. Nikasimama pale na lile fungu mkononi. Nilijua nikiutia tu majini, ile harufu imekwenda, na sina pengine pa kuipata hapa duniani.

Maji yale nilifulia vitambaa. Uzi niliuzungusha kuwa donge, hivyo hivyo na mikunjo yake, nikaanza kufuma.

Kwenye mikono yangu mwenyewe niliona mambo mapema. Maua yangu mekundu hayakutokeza. Kila nikifika mistari mitano sita naona kijivu kimepanda juu, kimesimama kwa mbele, na yale maua yamezama kama vitu vilivyo chini ya maji. Fundi alipita nyuma yangu Ijumaa moja akasimama.

"Mama, umebeba uzi gani chini?"

"Mwekundu, Fundi."

"Hebu tazama mkono wako."

Nikatazama. Kijivu ndicho kilikuwa chini. Nikarekebisha mbele ya macho yake, nikaendelea, nikiutazama mkono wangu kama ninavyomtazama mtoto karibu na moto. Sikuona ukibadilisha. Lakini nilipofika mwisho wa mzunguko kijivu kilikuwa chini tena.

"Mazoea," Fundi akasema, ila hakuondoka haraka. Aliugusa ule uzi kwa vidole viwili. "Huu uliufua?"

"Niliufua."

Nilimdanganya ndani ya nyumba ya Mungu, meza ile ile tunayopangia vitabu vya nyimbo. Alinitazama, akaenda kumsaidia mke wa mwashi ambaye kisigino chake kilikuwa kimetokea mbele.

Soksi niliimaliza Jumanne jioni, nyumbani, mwanga ukiwa bado upo dirishani. Utaratibu wa Fundi ni kwamba soksi ya kwanza ya rangi mbili lazima aione kabla haijavaliwa. Anaingiza mkono wake ndani, anaupapasa upande wa nyuma. Chiriku hakutaka kusikia habari hiyo. Alikuwa ameisubiri wiki tatu. Aliketi chini, akanyoosha mguu wa kushoto, akaimba kawimbo alikokatunga hapo hapo kuhusu soksi na kuku. Nikamvalisha. Ilipita kisigino kwa shida, nikavuta kwa vidole vyangu vyote, ikapita. Ilimkaa kama ngozi.

Mtoto aliacha kuimba.

Sikushtuka. Nilidhani anaistaajabia. Alikaa ameutazama mguu wake, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka. Tulikula, hakusema kitu. Nilisali, hakuniuliza kitu. Nikamlaza, na nilipomwambia tuvue soksi akaukunja mguu chini yake, taratibu tu, bila ubishi. Nikaona mtoto ameipenda soksi yake, acha alale nayo.

Jumatano asubuhi nilikuwa nafua. Nikasikia kitu kimegonga mwimo wa mlango, mara tatu, si kwa kiganja, kwa kifundo cha kidole. Niligeuka. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, sikio ameliegemeza kwenye mbao, anasikiliza. Akashuka kidogo, akagonga tena, akasikiliza tena.

Ndivyo seremala wangu alivyokuwa akifanya. Alikuwa hapiti mlango, hata wa nyumba ya watu, bila kuugonga na kusikiliza kama ndani kuna mchwa. Nilikuwa namuonea aibu tukienda kwenye misiba.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza mtoto.

Hakujibu. Aliingia. Alikanyaga maji ya kufulia yaliyomwagika pale, soksi ikalowa yote, naye wala hakuona. Akavuka chumba mpaka kwenye kiti cha karibu na dirisha, na mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta.

Nilikaa chini kwenye kigoda, mikono ina povu. Nasema ukweli sasa, maana bila ukweli huu nisingekuwa na sababu ya kuandika: nilifurahi. Niliogopa pia, lakini chini ya ile hofu kulikuwa na furaha, na ilikuwa kubwa kuliko hofu. Miaka sita nilikuwa nakula natazamana na ukuta. Siku ile nilipika mapema. Niliketi mkabala na kile kiti, nikafanya kazi zangu ndogo ndogo, na ukimya ule mle chumbani niliufahamu. Haukuwa ukimya wa mtoto. Ulikuwa na umri.

Imani yangu naijua. Waliokufa wako mikononi mwa Mungu, hawarudi kukaa kwenye viti. Nilijiambia hivyo asubuhi na nikajiambia tena jioni, na katikati yake nilikuwa namtazama mtoto anavyopitisha kidole gumba kwenye ukingo wa meza, kutoka huku mpaka kule, polepole, kama anayesoma.

Alhamisi alifika pembeni ya meza, kwa chini, akasimamisha kidole.

"Hapa," akasema.

Ndilo neno la kwanza alilolitoa tangu Jumanne. Nikapeleka mkono wangu. Palikuwa na kibanzi kimesimama, kile ambacho marehemu aliahidi kukipiga randa, na akaanguka kabla hajakipiga.

Mchana ule nilitaka kuivua soksi niifue. Ilikuwa imekaukia mguuni baada ya yale maji, na sufu ikikauka hujikaza. Nilimketisha kitandani, nikashika mdomo wa soksi kwa vidole. Haukutanuka hata unene wa jani. Nikavuta kutoka kwenye vidole vya mguu, haikusogea. Nikajaribu kupenyeza kidole changu kidogo kati ya soksi na ngozi, hakikupita. Nikaona juu ya soksi mguu umeanza kuvimba, pamekuwa na mfereji.

Nikavuta kwa nguvu zaidi.

"Acha, Mama Wengi," mtoto akasema.

Chiriku ananiita Bibi. Mama Wengi aliniita mtu mmoja tu, kwa utani, kwa kuwa tulipata mtoto mmoja na nilikuwa nahangaika naye kama wako kumi. Hakuwahi kuniita hivyo mbele za watu. Lilikuwa jina la ndani ya chumba.

Nikaacha. Kutoufua uzi siku ile ya beseni kulikuwa ujinga, na ujinga Mungu anausamehe kila siku. Lakini pale kitandani nilikuwa nimeuona ule mfereji juu ya mguu wa mtoto, nimeuona kwa macho yangu mawili, na nikaiachia soksi kwa sababu nilitaka kusikia lile jina mara nyingine. Nilikaa pale mpaka jua likaondoka dirishani. Hakulisema tena.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameamka, amekaa, anatazama mlango. Hakutaka uji. Niligusa ncha ya soksi pale kwenye vidole, nikaminya, hakusikia. Nikaminya zaidi kwa kucha. Hakusikia. Niliupandisha mguu kwenye mwanga, na pale nyuzi zilipokuwa zimeachana kidogo niliona ngozi ya mtoto wangu imekuwa na rangi ya risasi. Ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Na midomo yake nayo ilikuwa imekauka, na macho yamekwenda mbali. Nilimwita jina lake halisi, lile la kubatizwa. Hakugeuka. Ndipo nikaelewa kwamba katika nyumba ile hakuna nafasi ya wote wawili, na kwamba nilikuwa nimekwishachagua tangu jana.

Nilimfunga mgongoni, nikaenda kanisani kwa Fundi, nusu nikikimbia. Wakati wote alikuwa mzito kuliko uzito wake.

Wenzangu walikuwa wameshaketi. Mke wa mwashi alianza, "Leo Chiriku mbona kimya, kala gundi?" kisha akauona uso wangu, akaondoa vitabu mezani bila kuambiwa. Tukamlaza mtoto pale.

Fundi Pima aliushika mguu kwa mikono miwili, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipofumbua aliniuliza kwa sauti ya chini, "Uzi uliufua?"

"Sikuufua, Fundi. Ulikuwa sweta ya mume wangu. Sikutaka harufu iondoke."

Hakunikaripia. Alisema, "Uzi wenye mikunjo ukilowa ukakauka mwilini, unakaza. Na wewe nyuma uliuvuta. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi kama fundi." Akafikiri. "Hayo mengine sina vitanzi vyake."

"Tukate," mke wa mwashi akasema. Mkasi alikuwa ameshaushika.

"Utakatia wapi? Hapapiti hata sindano. Utamkata mtoto." Fundi akanigeukia. "Fungua kutoka kwenye vidole, ulipomalizia. Fumua mzunguko mmoja mmoja. Ikipatikana nafasi ya kuingiza mkasi, ndio tutakata. Wewe mwenyewe. Mikono yangu si ya kazi hii, na uzi si wangu."

Nilikata fundo la mwisho kwenye ncha, nikaanza kufumua. Mwekundu ulitoka bila taabu, ulikuwa uzi tu. Kijivu kilitoka kwa kusitasita. Kila nikikivuta nilihisi kama upande wa pili kuna mtu ameshika, hakivuti, ila hakiachii. Na kilikuwa cha moto. Mguu baridi vile, uzi wa moto. Nilimpa mke wa mwashi aguse, akagusa, akaurudisha mkono wake akaupangusa kwenye gauni mara mbili. Hakufanya utani wowote.

Vidole vya mtoto vikatokeza, vitano, vya kijivu. Nikaendelea. Mzunguko, mzunguko. Unyayo wa katikati ukatokeza. Kwenye ngozi yake yale maua yalikuwa yamejichora, lakini yalikuwa yale ya upande wa nyuma: madaraja, madaraja, mstari juu ya mstari.

Kufika kisigino, kijivu kikakataa. Sufu ilikuwa imeshikamana. Nilivuta, nikalowesha kwa mate, nikapenyeza sindano, nikavuta. Fundi alikuwa ametazama pale kwenye kifundo.

"Hapo panapita mkasi sasa," akasema.

"Bado kidogo, Fundi. Utatoka."

"Hapo panapita mkasi."

"Nikikata hapo vinakuwa vipande. Hautafumika tena. Ngoja, naona unaanza kulegea."

Haukuwa unalegea. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimezungusha mkononi mwangu kijivu chote kilichotoka, donge dogo, nimelibana na kifua.

Fundi Pima aliweka mkono wake juu ya wangu. "Mama," akasema, "unaokoa nini hapo? Mguu au uzi?"

Nilimtazama mtoto usoni. Alikuwa ananitazama, na yale macho hayakuwa na haraka, yalikuwa na subira ile ambayo nilikaa nayo miaka thelathini na moja, ya mtu anayesubiri uamue mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo nasema hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja kwa sababu ameitwa, na hakuwa na njia ya kutoka isipokuwa niifungue mimi.

"Mzee wangu," nikamwambia, mbele ya wote, "mwachie. Ni mtoto wa binti yako. Mimi ndiye niliyekung'ang'ania, yeye hana kosa. Mwachie, nenda kapumzike, nami sitakuita tena."

Nikaingiza mkasi. Nilianza pale kwenye kifundo nikapanda juu, chini ya zile nyuzi za nyuma, na zilikatika moja moja kwa sauti ndogo kavu, kama mtu anavunja njiti za kibiriti. Mekundu yakajiachia yenyewe, hayakuwa na kitu cha kuyashika. Kijivu kikaanguka mezani vipande vipande. Nilipokata wa mwisho, kile kilichokuwa kwenye mkono wangu, lile donge, lilipoa. Halikupoa polepole. Lilikuwa la moto, halafu likawa sufu.

Kwa muda mtoto alilala tu. Fundi alianza kumsugua unyayo kwa viganja, mke wa mwashi akasugua ugoko, mimi nikashika kichwa. Nilisali kwa sauti, sijui maneno gani. Kisha rangi ikaanza kurudi, kutoka kwenye kifundo kwenda chini, na damu ikirudi kwenye mguu uliokufa ganzi inauma kuliko kidonda. Chiriku alifungua mdomo akalia. Alilia kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano, kilio kirefu chenye matusi ya kitoto na lawama, kwamba sindano zinamchoma, kwamba nani amemlaza juu ya meza, kwamba ana njaa, kwamba bibi mwingine yule aache kumminya. Mke wa mwashi alikaa chini sakafuni pale pale akajifunika uso kwa khanga yake.

Nilipoinua kichwa binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Ana mfuko wake wa safari, nywele zina unga. Alitukosa nyumbani, jirani akamwelekeza huku. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu wakati gani. Alikuja akamchukua mtoto, akaugeuza mguu, akaiangalia ile mistari kwenye ngozi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ni soksi tu, mdogo wangu," mke wa mwashi akasema kutoka pale chini. "Imelowa maji, ikakaza. Mambo ya wanaojifunza."

"Namuuliza mama."

"Tangu Jumanne," nikasema. "Jana niliona inamuumiza. Niliona, nikaiacha."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Mlango, kiti, kibanzi cha kwenye meza. Nikamwambia na lile jina. Fundi Pima alitoka nje akawavuta na wenzangu, wakatuachia chumba. Binti yangu alisikiliza akiwa amesimama, anambembeleza mtoto aliyekuwa akisimulia kwa sauti kubwa kuliko yetu kwamba mguu wake una sisimizi, sisimizi elfu moja. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, na nilikuwa nastahili.

Aliketi kwenye benchi. Alitazama vile vipande vya kijivu pale mezani, akataka kugusa kimoja, akaurudisha mkono.

"Hakusema kitu kingine?"

"Hapana."

"Hakuniuliza mimi?"

Alikuwa na unga hata kwenye kope. Ningeweza kumpa neno moja tu, angelibeba maisha yake yote, na hakuna aliyekuwepo wa kunisuta.

"Hakukuuliza," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akamkalisha mtoto vizuri mapajani, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuuzungushia ule mguu, akaanza kuupuliza pumzi ya moto, polepole, kidole kimoja kimoja.